Nani Aliyeliona Kwanza?

Fuso tuliyopanda ilichemsha injini kwenye mteremko wa kushukia Yaeda Chini. Utingo akaruka chini na dumu la maji, abiria wakajitafutia vivuli, na mimi nikaenda zangu kwenye ukuta wa mwamba, pale ambapo barabara imekatwa ubavuni mwa kilima. Nilikuwa na sababu. Katika kitabu kimoja kikuukuu niliwahi kuona picha ya mnyama wa jiwe aitwaye trilobaiti, na chini ya picha waliandika kwamba watu humpata kwenye miamba iliyokatwa kando ya barabara. Nikajiambia, mbona kwetu barabara zilizokatwa zipo tele?

"Vipi dogo, dhahabu hiyo?" utingo akaniuliza.

"Natafuta mdudu."

Walicheka mpaka basi. Mzee mmoja tu ndiye hakucheka. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, kisha akaniuliza taratibu, "Mdudu gani huyo anayekaa ndani ya jiwe, mjukuu wangu?"

Nikamweleza kadiri nilivyojua. Wewe msomaji nitakueleza vizuri zaidi, maana niliporudi mjini nilisoma.

Trilobaiti alikuwa mnyama wa baharini mwenye gamba gumu, wa ukoo mmoja na kaa na nge. Jina lake linatokana na mgongo wake uliogawanyika sehemu tatu, ya kati na mbili za pembeni. Aliishi duniani tangu miaka milioni 521 iliyopita hivi, akatoweka kabisa yapata miaka milioni 252 iliyopita. Wengi walikuwa wadogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini walikuwepo na mapande ya mtu. Mwaka 1998, karibu na mji wa Churchill huko Kanada, wataalamu walimpata mmoja mwenye urefu wa sentimita 72. Akilazwa juu ya dawati la shule anakaribia kulimaliza! Akapewa jina Isotelus rex, yaani mfalme. Ndugu yake anapatikana sana katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na mwaka 1985 jimbo hilo lilimtangaza kuwa kisukuku chake rasmi.

Na kwa nini kando ya barabara? Kwa sababu mtengeneza barabara anakufanyia kazi bure. Ardhi ya kawaida imefunikwa na udongo, nyasi na mashamba ya watu. Barabara ikikata kilima, matabaka yanabaki wazi kama kurasa za kitabu kilichopasuliwa katikati. Mvua inakuja kulainisha, jiwe laini linamomonyoka, kisukuku kigumu kinabaki kimejitokeza. Anayetafuta hahitaji nyundo kwanza, anahitaji macho na subira.

Mimi macho nilikuwa nayo, lakini sehemu niliyoyapeleka siyo. Nilipata alama nyeusi kama majani ya jimbi kwenye ufa wa jiwe, moyo ukanipasuka kwa furaha. Kumbe, kama nilivyokuja kusoma, ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa na kutandaa kama tawi. Yamewadanganya wengi kabla yangu. Miamba ya uwanda wa Mbulu ina umri unaozidi miaka bilioni 2. Ilikuwa imeshapikwa na kukunjwa ardhini zamani sana, kabla trilobaiti wa kwanza hajazaliwa. Kumtafuta trilobaiti pale ni sawa na kutafuta jina la mjukuu kwenye kaburi la babu wa babu. Ndiyo kusema safari yangu ilikuwa ya bure?

Hapana. Nilikosea mnyama, sikukosea eneo. Kaskazini mwa bonde la Yaeda liko Ziwa Eyasi, na ng'ambo ya ziwa iko Laetoli. Huku hakuna gamba la baharini. Huku kuna zamadamu.

Mwaka 1934 alifika huku daktari Mjerumani aitwaye Ludwig Kohl-Larsen. Bwana huyu hakuwa malaika. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na zama zile Ujerumani ilikuwa bado inaimezea mate Tanganyika iliyonyang'anywa baada ya vita ya kwanza. Lakini kutafuta alijua. Alichimba pango la Mumba karibu na Ziwa Eyasi. Na mwaka 1935, kwenye ufuko wa ziwa hilo, vilipatikana vipande vya fuvu la binadamu wa kale. Havikutoka kwenye shimo refu. Maji na upepo vilikuwa vimeshavifichua, kama barabara inavyofichua trilobaiti wa Ohio. Vipande hivyo, zaidi ya 200, vilipelekwa Ujerumani, na mtaalamu Hans Weinert akaviunganisha. Akavipa jina: Africanthropus njarasensis. Njarasa ndilo jina ambalo Wajerumani waliliandika kwa Ziwa Eyasi. Leo wataalamu hawalitumii tena jina lile, na fuvu lenyewe wanalihesabu kuwa la mtu wa yapata miaka 100,000 iliyopita.

Mwaka 1939 Kohl-Larsen alipata pia kipande cha taya la juu huko Garusi, yaani Laetoli. Tena hakuishia kwenye mifupa. Alikusanya hadithi za Wahadzabe, akazichapisha kwa Kijerumani miaka ya 1950. Fikiria basi: hadithi zilizosimuliwa kando ya moto huku kwetu, ukizitaka kama alivyoziandika, sharti ujifunze Kijerumani!

Hapa ndipo swali langu linapoanzia. Fuvu la Eyasi ukilisoma popote, jina unalokutana nalo ni Kohl-Larsen. Je, aliijuaje nchi ile? Nani alimwonyesha njia, maji, mapango? Mgeni hafiki mahali pa namna hiyo bila mwenyeji kumshika mkono.

Kwa Laetoli tunajua angalau kidogo. Mwaka 1935 Louis Leakey alikuwa kambini Olduvai. Mtu mmoja aitwaye Sanimu akamwambia kwamba huko kusini kuna mifupa iliyo kama mawe. Leakey akaenda, na ndivyo Laetoli ilivyoingia katika vitabu. Mwaka 1974 mke wake, Mary Leakey, alirudi huko na kikosi chake. Mwaka huohuo Maundu Muluila, Mkamba kutoka Kenya, akaliona taya la chini lenye meno, ambalo wataalamu waliliita LH 4. Mwaka 1978 taya hilo ndilo lililofanywa kielelezo cha aina nzima ya zamadamu, Australopithecus afarensis. Umesikia jina hilo? Afarensis maana yake ni wa Afar, na Afar iko Ethiopia, alikopatikana yule maarufu Lucy. Taya ni la Laetoli, jina ni la Afar, na Muluila wangapi wetu tumewahi kumsikia? Mwaka 1978 vilevile zikaonekana nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Miongoni mwa waliozifukua alikuwa Ndibo Mbuika. Naye nimemjua juzijuzi tu.

Sisemi kwamba wazungu wameiba kila kitu na sisi ni malaika. Leakey alimwandika Sanimu, ndiyo maana leo naweza kumtaja. Ninachosema ni kwamba kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika, na aliyeandika ndiye anayegawa majina.

Hesabu hizo wakati mwingine hurekebishwa, ingawa kwa kuchelewa. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba dainosaria kuanzia 1909 hadi 1913, na mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Dainosaria mkubwa kuliko wote waliopatikana huko yupo Berlin mpaka leo, kwa jina la Mjerumani Branca. Boheti alisubiri mpaka mwaka 2007, ndipo dainosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia! Lakini mwaka 2016 mambo yalikuwa mengine. Zilitangazwa nyayo mpya za Laetoli, na waliotangulia kwenye orodha ya waandishi walikuwa Watanzania, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki. Waliona, na wakaandika.

Turudi kwenye Fuso. Injini ilipopoa na utingo akaanza kupiga bati, yule mzee alinisogelea. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo mdudu wako simjui. Ila kule chini, mvua kubwa ikipita korongoni, huwa tunaona mifupa mizito kama jiwe. Hatuigusi. Na hakuna aliyewahi kutuuliza."

Wakati ule maneno yale yalinipita, akili yangu ilikuwa kwa trilobaiti. Miezi kadhaa baadaye niliposoma habari za Sanimu, nikashtuka. Mifupa iliyo kama mawe! Ni maneno yaleyale. Nikachukua daftari niandike, ndipo nikagundua aibu yangu: sikumwuliza yule mzee jina lake. Mimi ninayelalamika habari za Kohl-Larsen, nimefanya yaleyale.

Kwa hiyo nitarudi Yaeda Chini. Sitabeba sururu. Kuchimba bila kibali ni kosa tangu sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na kisukuku kilichong'olewa ovyo ni sawa na ukurasa uliochanwa, hakisomeki tena. Korongo likionyesha kitu, kitaachwa mahali pake na wenye kazi yao wataarifiwa. Mimi nitabeba kalamu. Na swali langu la kwanza, baada ya shikamoo, halitakuwa mifupa iko wapi. Litakuwa: "Babu, unaitwa nani?"