Milimita Kumi

Bibi mzaa mama, aliyeishi Ujiji maisha yake yote, anaweka wanja kwenye ganda la risasi. Ni ganda la shaba, limeshikwashikwa mpaka limekuwa laini kama kokoto ya ziwani, na mdomo wake umezibwa kwa kipande cha gunzi. Watoto wote wa ukoo wetu wamepakwa wanja kutoka humo, nami nikiwemo. Nyumbani tunaliita risasi ya Mjerumani. Hadithi yake ni fupi: baba yake bibi alikuwa askari wa Mjerumani katika vita ya kwanza, akarudi na hilo ganda, basi.

Nilipokwenda kumsalimia mara ya mwisho nikamwomba anipe dakika tano nalo.

"Mume wangu, unalitakia nini? Unakwenda kupaka wanja mjini?"

Nikamwambia nataka kulipima tu. Akacheka, akanipa. Nikaazima rula ya mtoto wa jirani anayesoma darasa la nne, nikalilaza ganda juu ya meza. Milimita hamsini. Nikapima tena, nikihakikisha sifuri ya rula imekaa sawa na kitako cha ganda. Hamsini.

Ilitakiwa iwe sitini.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa bunduki. Sijawahi kushika hata gobore. Lakini nilikuwa nimetumia miezi kadhaa nikisoma habari za vita ya ziwa hili, na ukisoma habari hizo huwezi kuikwepa bunduki moja: Mauser ya mfano wa 1871. Mwaka huohuo Stanley aliingia Ujiji akipiga bunduki hewani, kama misafara yote ilivyofanya, akamkuta Livingstone. Wakati watu wa hapa bado wanatumia gumegume na fataki, bunduki zinazojazwa kwa mdomo, Wajerumani walikuwa na hii ya ndugu wawili wa Oberndorf, yenye komeo la chuma nyuma. Unafungua komeo, unaingiza risasi moja, unafunga, unapiga. Moja tu. Ukitaka nyingine unaanza upya. Mtutu wake una upana wa milimita 11, na ganda la risasi yake lina urefu wa milimita 60.

Kwa wakati wake ilikuwa silaha nzuri sana. Tatizo ni kwamba wakati wake uliisha upesi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, na ndani ya miaka michache kila jeshi la Ulaya likawa linabadilisha bunduki. Ujerumani ilipata mpya mwaka 1888, kisha ile maarufu ya 1898. Sasa zile za zamani, maelfu kwa maelfu, zikiwa bado zima na zimepakwa mafuta ghalani, zinakwenda wapi?

Zilikuja kwetu. Wissmann alikuja nazo kupigana na Abushiri. Vita ilipoanza mwaka 1914, miaka ishirini na sita baada ya Ujerumani kuiondoa kwa askari wake wa nyumbani, makampuni mengi ya askari wa Kiafrika wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado yalikuwa na ile ya 1871, ya aina fupi.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa yaleyale, ila kwa Kifaransa. Ubelgiji ilikuwa na bunduki iitwayo Albini, ya mwaka 1867. Kifuniko chake unakiinua kuelekea mbele kama mfuniko wa kasha, unachomeka risasi, unakirudisha. Moja tu, vilevile. Mwaka 1889 Wabelgiji wakachukua bunduki mpya yenye magazini ya risasi tano, na wakajenga kiwanda kizima kwa ajili yake pale Herstal, kinachoitwa FN. Albini zikashushwa Kongo, kwenye jeshi la Mfalme Leopold, Force Publique. Ndizo zilizofika kwenye ufuko wa magharibi wa Tanganyika katika miaka ya 1890, Wabelgiji walipopigana na Rumaliza, yule mfanyabiashara aliyeitawala Ujiji. Na mwaka 1914 askari wengi wa Kongo walikuwa bado wanazibeba. Mabwana wao weupe katika vikosi hivyohivyo walikuwa na ile ya 1889.

Albini nayo ina mtutu wa milimita 11. Ila ganda la risasi yake ni milimita 50.

Ukiziweka hizi bunduki mbili pamoja ni kama mapacha waliolelewa nyumba tofauti. Kichwa cha risasi cha kila moja kina uzito wa karibu gramu 25, ni donge la risasi laini ambalo likikupata halipiti kwa adabu. Mwendo wake ni mita mia nne na kitu kwa sekunde, wakati ile Mauser ya 1898 ilikuwa inafika karibu mita mia tisa. Zote mbili zinapiga moja moja, na zote mbili zinatumia baruti nyeusi. Lakini huwezi kuokota risasi ya adui ukaitumia. Ya Mjerumani ni ndefu mno kwa Albini, na ile ya Mbelgiji haikutengenezwa kwa komeo la Mauser. Milimita kumi zinatosha kugeuza sanduku zima la risasi kuwa mzigo wa shaba.

Habari ya moshi inabidi nikae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo ilinifanya nianze kuandika.

Baruti nyeusi haiungui yote. Sehemu kubwa yake inabaki ngumu, inaruka hewani, na hiyo ndiyo wingu jeupe unaloliona. Mtu amelala kwenye majani marefu, hajaonekana na yeyote, amelenga shabaha yake vizuri. Anapiga. Hapohapo juu ya kichwa chake linasimama wingu. Wa upande wa pili hahitaji kukuona wewe, anahitaji kulenga chini ya wingu. Na wewe mwenyewe huoni mbele mpaka upepo usaidie. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alilalamika kuhusu jambo hili katika kumbukumbu zake, na haishangazi kwamba baada ya Tanga, Novemba 1914, alipowateka Waingereza mamia ya bunduki mpya na risasi zaidi ya nusu milioni, kitu cha kwanza alichofanya ni kuwavalisha hizo askari wa makampuni yake. Aliyepata bunduki ya Mwingereza alikuwa na nafasi zaidi ya kuishi. Aliyebaki na ile ya babu aliendelea kujitangaza.

Watetezi wa makoloni wana jibu: fedha. Bunduki za zamani zipo, risasi zipo, kwa nini zitupwe? Ni kweli, lakini haitoshi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika katika ukanda mpana wa bara hili, na ukaacha mlango wazi kwa magumegume. Waliuandika kama sheria ya kupambana na biashara ya utumwa, na kwa sehemu ilikuwa hivyo. Lakini Force Publique iliasi mwaka 1895 kule Luluabourg, ikaasi tena mwaka 1897. Mimi naamini kabisa kwamba ofisa aliyemkabidhi askari wake Albini alitaka bunduki yenye nguvu ya kumshinda mwanakijiji na udhaifu wa kushindwa na ile aliyoivaa yeye mwenyewe begani. Halafu ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu, na hesabu hiyo ikalipwa na aliyelala kwenye majani.

Ikalipwa pia na wapagazi, ambao hawakupiga hata risasi moja. Risasi ya Mauser ya zamani ina uzito wa kama gramu 43. Ile ya 1898 ni kama 24. Mzigo wa kilo 25, bila kuhesabu kasha, ni risasi kama 580 za zamani au zaidi ya elfu moja za mpya. Yaani kwa vita ileile, bunduki ya zamani ilitaka karibu vichwa viwili pale ambapo mpya ilitaka kimoja. Vichwa vya Waha, Wanyamwezi, Wamanyema.

Mambo ya meli watu wa Kigoma wanayajua kuliko mimi. Goetzen, iliyokuja kwa vipande kutoka Papenburg na kuunganishwa hapahapa, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 26, 1916, na leo ndiyo Liemba. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Kinachosahaulika ni kwamba hawakuondoka upesi. Tabora waliwaachia Waingereza mapema, lakini Kigoma na Ujiji walizishika mpaka mwaka 1921. Miaka karibu mitano ya askari wenye Albini kwenye mitaa hii.

Nilidhani habari ya milimita imeishia hapo, kumbe inarudi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku kwenda Kibamba, kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Silaha zao zilipitia Tanzania, za Kisovieti na za Kichina. Bunduki za aina ile, kama SKS ya Simonov, zinajijazia zenyewe: unabonyeza mara moja inatoka moja, gesi ya baruti inasukuma komeo nyuma, nyingine inaingia. Upande wa pili mamluki wa Mike Hoare walikuwa na FAL, nayo inajijazia. Na imetengenezwa wapi? Herstal, FN, kiwanda kilekile cha mwaka 1889. Ukimuuliza mtu upana wa risasi ya SKS atakwambia 7.62. Ya FAL? 7.62. Lakini ganda moja ni milimita 39 na lingine 51. Che, katika kumbukumbu zake za Kongo, analalamika kwa uchungu kwamba vifaa vilivyotoka Kigoma vilifika kwa fujo: mizinga bila vipuri, mabomu ya ardhini bila viwashio, bunduki na risasi zisizo zake. Najaribu kumfikiria kijana aliyefungua kasha usiku, akasoma namba, akafurahi, asubuhi akajaribu kujaza.

Narudi kwenye ganda la wanja. Milimita hamsini hazithibitishi kitu peke yake. Askari wa Mjerumani angeweza kuliokota njiani Tabora. Mtoto angeweza kuliokota Kigoma mwaka 1919. Lakini baba yake bibi alikuwa Mmanyema, amezaliwa ng'ambo, na hakuna mtu katika ukoo anayejua alivuka ziwa mwaka gani.

Nilimweleza bibi taratibu. Kwamba hili ni la Mbelgiji. Kwamba huenda mzee alikuja na wale walioingia, si na wale waliokimbia. Nilitegemea akasirike. Alilichukua ganda, akalifuta kwa kanga, akakaa kimya muda mrefu.

Kisha akanikumbusha kitu nilichokuwa nimekisikia utotoni bila kukitilia maanani. Miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa malipo yao askari wazee waliokuwa bado hai. Wazee wa mtaa walimfuata baba yake, wakamwambia twende tukaandikishe, wewe si ulikuwa wa Mjerumani? Akakataa. Watoto wake walimlaumu kwa miaka, maana nyumba ilikuwa inavuja.

"Alisema yeye hana hela huko," bibi akasema. "Sisi tulidhani ni kiburi."

Akachomeka gunzi, akalirudisha ganda kwenye mfuko wake.

"Mjomba wako usimwambie kwenye simu," akasema. "Akija Idi nitamwambia mwenyewe."