Wasichana wa Kapkatet Wangenyimwa Pesa za Sanaa

Wasee, mwezi jana mbogi yetu hapa Sigowet ilijaza fomu ya kuomba pesa za umma za sanaa. Tuko saba. Tunarekodi nyimbo za zamani za Kipsigis, zile kogo wangu anatufundisha jioni akishatoka kuchuna chai. Tukakataliwa. Barua ilisema hatuna cheti cha usajili cha angalau miaka mitatu, hatuna hesabu zilizokaguliwa, na hatujathibitisha kwamba sisi ni wasanii wa kulipwa. Nyimbo zenyewe? Hazikutajwa hata kwa neno moja.

Nilikasirika, halafu nikaanza kusoma. Kumbe hizi sheria hazikuanza jana.

Twende Uingereza, 1940. Vita vimechacha, na kunaanzishwa baraza linaloitwa CEMA ili muziki na maigizo yasife. Mwanzoni lilisaidia hata watu wa ridhaa, yaani wale wa kuimba na kuigiza jioni baada ya kazi. Kisha 1942 akaingia mwenyekiti mpya, John Maynard Keynes, yule mchumi maarufu. Keynes alitaka ubora, na kwake ubora ulikuwa kazi ya wasanii wa kulipwa. Wa ridhaa wakasukumwa pembeni. 1946 CEMA ikageuka kuwa Arts Council, na hati yake ikazungumzia sanaa za hali ya juu tu. Hayo maneno yalikuja kubadilishwa 1967.

Mbona nakupeleka mbali hivyo? Kwa sababu hao ndio walikuwa wanatutawala. Sheria ya Kenya Cultural Centre ilikuja 1951, na Kenya National Theatre ikafunguliwa Nairobi 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilitangazwa. Jina lilikuwa la taifa, lakini kwa miaka mingi jukwaa lilikuwa la wageni na michezo yao. Hata 1976, miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, Ngũgĩ wa Thiong'o, Micere Mugo na Francis Imbuga walilazimika kung'ang'ania siku chache tu za kuonyesha michezo yao hapo.

Mwaka uliofuata, watu wa Kamirithu kule Limuru wakaamua kutoomba mtu jukwaa. Wakulima na wafanyakazi walijijengea lao, wazi, chini ya anga, wakaigiza kwa Kikuyu. Watu wakajaa. Baada ya wiki chache, Novemba 1977, kibali kikafutwa. Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. 1982 jukwaa likabomolewa. Hapo hakuna aliyeomba pesa za serikali, na bado karatasi ndiyo iliyowafungia.

Sasa rudi nyumbani. 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapa hapa Kericho, akarekodi wasichana wakiimba kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Wasichana walimgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Ile rekodi imesikizwa dunia nzima. Ina jina la mwimbaji mmoja aliyeongoza, na wengine wameandikwa wasichana tu. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla nakala kurudishwa kwa jamii.

Hebu wajazie wale wasichana fomu yetu. Cheti cha usajili: hakuna. Hesabu zilizokaguliwa: hakuna. Wasanii wa kulipwa: hapana, walikuwa wasichana wa kijiji. Mtunzi wa wimbo: wote. Wangeanguka kabla mtu hajawasikiza, na ndio walitupa moja ya rekodi zinazojulikana zaidi kutoka nchi hii.

Najua mtajibu kwenye komenti: bila karatasi, vikundi hewa vitakula doh yote. Ni kweli. Tumeona pesa za vijana zikiliwa Kenya hii, na walioiba walikuwa na makaratasi safi kabisa. Cheti kinaonyesha umesajiliwa. Hakionyeshi kama unaimba.

Na hizi pesa ni zetu. Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii uliundwa 2018, na unategemea kodi za michezo ya kubahatisha. Kwa hivyo kila mkeka ukichanika hapa Sigowet, kuna kitu tumechangia. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inasema utamaduni ndio msingi wa taifa, na inaitaka serikali ikuze sanaa pamoja na sherehe za kitamaduni. Hakuna mahali kifungu hicho kinasema lazima sherehe iwe na hesabu zilizokaguliwa.

Mimi nadai vitu vitatu. Kwanza, kuwe na kiwango kidogo cha pesa chenye karatasi kidogo: kitambulisho, barua ya chifu, na rekodi ya kazi yenu. Anayeomba elfu hamsini asiulizwe maswali ya anayeomba milioni tano. Pili, mtu asikilize kazi kabla ya kuhesabu vyeti. Tatu, kikundi kisichojulikana kwa jina la mtu mmoja kikubaliwe kama kikundi, kwa sababu hivyo ndivyo nyimbo zetu zilivyotungwa.

Wiki ijayo tunaenda kujisajili, maana hasira haijazi fomu. Lakini fanya hesabu na mimi. Fomu inataka cheti cha miaka mitatu. Kogo ana miaka 81, na kuna nyimbo ambazo hapa kwetu ni yeye peke yake anazijua mpaka mwisho. Jioni tunarekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nyimbo mbili mbili, kabla hajachoka.