Bikoni Kabla ya Kibali: Nini Hasa Kilichoipanga Sinza?

Imezoeleka katika mijadala ya mipango miji nchini kudai kwamba Dar es Salaam imejengeka holela kwa sababu watu hujenga bila vibali, na kwamba dawa yake ni kuharakisha utoaji wa vibali kisha kuwabana wakaidi. Sehemu ya kwanza ya dawa hiyo ilipata nguvu kutoka ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia, iliyopanga nchi kwa ugumu wa kupata kibali cha ujenzi hadi ilipofutwa Septemba 2021. Sehemu ya pili husikika kila jengo linapoporomoka. Makala hii inapinga zote mbili. Ninadai kwamba mpangilio tunaouona Sinza, kata ya jiji hilo, haukuletwa na kibali, na kwamba kibali cha leo kinashindwa Sinza kwa sababu kinauliza kiwanja kitupu kitajengwaje, swali ambalo wakazi wake walishalijibu zamani.

Nianze na kipimo chenyewe, maana wengi wamekinukuu bila kukisoma. Doing Business ilihesabu hatua, siku na gharama za kampuni inayojenga ghala jipya la ghorofa mbili, lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 1,300. Mwenye nyumba wa Sinza hajengi ghala. Anatoboa ukuta wa mbele apate fremu mbili za duka, anaezua bati ili amwage slabu, anajenga banda la uani la vyumba vitatu kwa ajili ya wapangaji. Mageuzi yaliyolenga kupandisha daraja letu kwenye kipimo kile hayakuwa na sababu ya kumtazama mtu huyu.

Sinza ni zao la mradi wa viwanja na huduma ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilipimwa, bikoni (mawe ya mipaka) zikazikwa, barabara zikachorwa, na watu wakajijengea wenyewe. Kijitonyama na Mikocheni zilipata viwanja kwa mtindo huohuo. Manzese, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, ilikuwa tayari imejaa nyumba, hivyo mradi uliingiza barabara na maji katikati ya makazi yaliyokuwepo. Mji ulikuwa mmoja, sheria za ujenzi zilikuwa moja na mkopo ulikuwa mmoja. Leo gari la zimamoto linaweza kuufikia mlango wa nyumba nyingi za Sinza, lakini sehemu kubwa ya Manzese haifikiki. Sheria ya vibali iliyokuwa moja pande zote mbili haiwezi kuwa ndiyo iliyozitofautisha.

Hapa sipo peke yangu. Mchumi Guy Michaels na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walilinganisha maeneo matupu yaliyopimwa chini ya mradi huu katika miji 7 ya Tanzania na maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu mwanzoni. Walikuta nyumba kubwa zaidi, zilizojipanga vizuri zaidi, zenye ghorofa, umeme na maji kwa wingi zaidi. Waliokosoa miradi hii kwa hoja kwamba viwanja vya maskini viliishia mikononi mwa wenye kipato wana ukweli wao, na watafiti hao wanakubali kwamba wakazi wa maeneo yaliyopimwa wana elimu zaidi. Ila walionyesha pia kwamba tofauti hiyo ya elimu ni ndogo mno kueleza tofauti ya nyumba. Kasoro ninayoiona ni kwamba picha za satelaiti, walizozitegemea kwa sehemu kubwa, huonyesha paa tu. Haziwezi kusema nani aliidhinisha kilicho chini yake.

Ndiyo maana historia ya mamlaka ina uzito kuliko picha. Viwanja vya Sinza vilianza kupimwa katika kipindi cha Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zikiwa zimevunjwa. Zilirejeshwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji. Mwaka 2000 Sinza ikawa chini ya Manispaa ya Kinondoni, na katikati ya muongo uliopita ikahamishiwa Ubungo. Kwa hiyo ofisi inayotoa kibali imebadilika mara nne au zaidi, na wakati barabara za mitaa zinachorwa ilikuwa dhaifu kuliko wakati wowote baada ya uhuru. Bikoni zimebaki palepale. Jirani akisogeza uzio kwa futi moja, mzozo humalizwa kwa kufukua jiwe mbele ya mjumbe. Sijaona mtu akitoa kibali cha ujenzi kama ushahidi.

Inaweza kujibiwa kwamba kibali hakitolewi bila kiwanja kupimwa, hivyo viwili hivi ni kitu kimoja. Sikubali. Upimaji hufanywa mara moja na dola, kwa ajili ya wote. Kibali huombwa na kila mmoja, kwa gharama yake, kila anapogusa nyumba. Tena viwango vilivyokuja baadaye viliiacha Sinza nje. Viwanja vingi vya mradi vilikuwa vya takriban mita za mraba 288, ilhali viwango vya miaka ya 1990 viliweka mita za mraba 400 kuwa kima cha chini cha kiwanja kidogo. Profesa Lusugga Kironde wa Chuo Kikuu Ardhi alikwishaonyesha jinsi viwango vya namna hii vinavyowasukuma watu wa kipato cha chini nje ya sheria. Ninaongeza kwamba viliwasukuma hata waliokuwa ndani. Tuseme kiwanja kina mita 12 kwa 24. Ukiacha mita 3 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila upande, zinabaki mita za mraba 162. Nyumba ya kwanza ilishazimeza. Banda la uani, ambalo kodi yake ndiyo inayosomesha watoto, halina mahali pa kukaa kwenye ramani yoyote ambayo afisa anaweza kuigongea mhuri.

Matokeo yake yanaonekana ukipita nyuma ya Barabara ya Shekilango. Nondo zimeachwa zikichomoza juu ya slabu, zimeshika kutu, zikisubiri ghorofa itakayojengwa fedha ikipatikana. Ukutani kuna rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI, na tarehe iliyofifia. Chini ya maandishi hayo fremu ya vipodozi inafanya biashara kama kawaida. Mwenye nyumba alichorewa ramani na fundi aliyemjengea msingi, akajenga mwishoni mwa wiki na sikukuu, saa ambazo ofisi zimefungwa. Zege lililomwagwa kwa haraka ya namna hiyo halikaguliwi na mtu.

Hapo ndipo hoja ya majengo yanayoanguka inapogeuka. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Jengo lile lilikuwa na kibali. Viongozi walieleza wakati ule kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoidhinishwa. Kariakoo, Novemba 2024, lilianguka jengo ambalo tayari lilikuwa na maduka na wateja ndani; hatari haiishii siku ya kibali. Katika mkasa wa kwanza karatasi ilikuwepo, na bado haikuzuia ghorofa za ziada kupanda mchana kweupe. Kukaza masharti ya kuipata karatasi hakugusi pengo hilo.

Mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, ambao sasa hupokea maombi kwa mtandao, umepunguza safari za kwenda manispaa, na hilo ni jema. Ila fomu bado inamwona mwombaji kama mtu mwenye kiwanja kitupu na fedha zote mkononi. Tangu Benki ya Nyumba ilipofilisika mwaka 1995, wengi wa wakazi hawa wamejenga kwa akiba, chumba baada ya chumba, na hakuna dalili kwamba hilo litabadilika karibuni.

Ninachopendekeza kwa maeneo yaliyopimwa zamani ni kubadili mpangilio wa kazi. Ujenzi wa chini, fremu na banda la uani visajiliwe ngazi ya kata kwa mchoro wa mkono unaoonyesha umbali kutoka kila bikoni, mhandisi asihitajike. Mhandisi wa manispaa apewe kazi moja anayoweza kuimaliza: kufika kila mahali ambapo slabu inataka kumwagwa, na kupima nguzo na nondo kabla ya zege, na ada ilipwe siku hiyo ya ukaguzi badala ya siku ya maombi. Wapo watakaosema hili litahalalisha msongamano. Msongamano Sinza umeshafika, unalipiwa kodi ya jengo kupitia LUKU kila mwezi, na serikali inayopokea kodi hiyo haiwezi kudai kwamba haijui vyumba hivyo vipo.