Makumbusho ya Pemba
Makumbusho ya Pemba ni makumbusho ya historia na utamaduni yaliyopo mjini Chake Chake, kisiwani Pemba, Zanzibar. Yamo ndani ya masalia ya ngome ya enzi ya Waomani. Sehemu ya ngome hiyo ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha ujenzi wa hospitali. Maonyesho yake yanaeleza historia ya kale ya kisiwa, ubaharia na maisha ya nyumba ya Waswahili. Magofu yanayotajwa katika maonyesho hayo yanafikika kutoka mjini: Ras Mkumbuu, yenye msikiti na makaburi ya mnara, iko upande wa magharibi, na Pujini, ngome inayohusishwa na mtawala Mkama Ndume, iko kusini-mashariki.