Tarehe ya Twiga Stars na Kizazi cha 2010

Twiga Stars ni timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, iliyo chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, na jina lake limetokana na mnyama wa taifa, kama vile timu ya wanaume inavyoitwa Taifa Stars na timu za vijana zilivyochukua majina ya Serengeti na Ngorongoro. Katika miaka ya karibuni imeenea kauli kwamba historia ya maana ya timu hii ilianza 2021, ilipotwaa kombe nchini Afrika Kusini, na kwamba wote waliotangulia walikuwa wasindikizaji tu. Kauli hiyo inapaswa kukanushwa kwa ushahidi wa matokeo na wa nasaba, kwa kuwa kila kombe lililokuja baadaye lina mizizi yake katika kikosi kilichofuzu fainali za Afrika mwaka 2010, wakati ambapo Tanzania haikuwa hata na ligi kuu ya wanawake.

Kuhusu miaka iliyotangulia kikosi hicho, wakongwe wa soka ya wanawake husimulia kwamba wachezaji wa mwanzo walijifunza mpira mitaani wakicheza na kaka zao, wakahamia viwanja vya shule, kisha wakakusanywa katika timu chache za Dar es Salaam kama Mburahati Queens na Sayari, ambazo kwa muda mrefu ndizo zilizokuwa chemchemi ya wachezaji wa taifa. Zanzibar nayo ilikuwa na timu zake, mashuhuri zaidi ikiwa Women Fighters, ambayo habari zake zilitengenezewa filamu iliyotoka 2007, na katika mashindano ya ukanda visiwa hivyo huingiza timu yao wenyewe.

Mwalimu wa kizazi cha 2010 alikuwa Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga na Taifa Stars ambaye mashabiki walimwita Master, akisaidiwa na Nasra Mohamed. Ni vyema ikumbukwe kwamba mtu wa hadhi ya Mkwasa, ambaye baadaye alikabidhiwa Taifa Stars yenyewe, hakuiona kazi ya kufundisha wanawake kuwa ya kumshushia heshima, na wachezaji aliowapata hawakuwa na mshahara wala msimu wa ligi wa kuwaweka sawa, kwa hiyo kambi ya timu ya taifa ilikuwa kwao shule, klabu na ligi kwa wakati mmoja. Nahodha alikuwa beki Sophia Mwasikili, na pamoja naye walikuwamo Asha Rashid aliyeitwa Mwalala, Ester Chabruma, mlinda mlango Fatuma Omary, na Mwanahamisi Omari, ambaye kwa chenga zake alipewa jina la Gaucho, kwa kumfananisha na Mbrazili Ronaldinho.

Fainali zilizowaniwa wakati huo ziliitwa Ubingwa wa Afrika kwa Wanawake, ambazo sasa zinajulikana kama Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake au WAFCON, na nafasi ndani yake zilitafutwa kwa mechi mbili, moja nyumbani na nyingine ugenini, mshindi akipatikana kwa jumla ya mabao. Tanzania iliitoa kwanza Ethiopia kwa jumla ya mabao 4-2, kisha ikaikabili Eritrea na kuifunga 8-1 katika mchezo wa nyumbani, kabla ya kutoka sare ya 3-3 ugenini. Mabao kumi na moja dhidi ya mpinzani mmoja katika raundi moja si jambo la wasindikizaji, na tangu Taifa Stars ya wanaume iliposhiriki fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980, timu ya taifa ya wakubwa ya Tanzania haikuwa imekanyaga tena fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Baada ya miaka thelathini ya kungoja, waliofungua mlango huo walikuwa wanawake, na jambo hili halisemwi kwa sauti inayostahili.

Fainali zenyewe zilifanyika kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2010 katika viunga vya mashariki ya Johannesburg, kwenye viwanja vya Daveyton na Tembisa. Twiga Stars ilipangwa katika kundi zito lenye wenyeji Afrika Kusini, Nigeria na Mali, ikalala 2-1 mbele ya wenyeji, ikafungwa 3-2 na Mali, na ikapoteza 3-0 kwa Nigeria, ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa. Anayetazama jedwali pekee ataona pointi sifuri, lakini anayetazama matokeo ya kila mchezo ataona kwamba mara mbili kati ya tatu tofauti ilikuwa bao moja, tena dhidi ya timu ambazo zilikwishazoea fainali hizo. Mwasikili baada ya hapo alikwenda kucheza soka ya kulipwa nchini Uturuki, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Tanzania kufanya hivyo, na njia aliyoipita ndiyo iliyokuja kupitwa na Opa Clement aliyechezea Beşiktaş, na wengine kadhaa baada yake.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha mavuno haba. Katika safari ya kuelekea fainali za 2012, Namibia ilifungwa nyumbani kwake 2-0 na kisha 5-2 Dar es Salaam, lakini Ethiopia ikalipa kisasi cha 2010 kwa kushinda 2-1 kwake na 1-0 ugenini, na Tanzania ikabaki nje. Mwaka 2015 timu ilicheza Michezo ya Afrika mjini Brazzaville bila kupata medali.

Kombe la kwanza lilikuja Septemba 2016, wakati CECAFA, ambalo ni baraza linalosimamia soka ya Afrika Mashariki na Kati, lilipoandaa ubingwa wa wanawake huko Njeru, karibu na Jinja nchini Uganda. Kikosi kilikuwa chini ya Sebastian Nkoma, na baada ya kuwatoa wenyeji katika nusu fainali kilikutana na Harambee Starlets ya Kenya, timu ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kufuzu fainali za Afrika zilizokuwa zifanyike Cameroon miezi miwili baadaye. Tanzania ilishinda 2-1, na mfungaji wa mabao yote mawili alikuwa Mwanahamisi Omari, Gaucho yuleyule wa 2010. Hapa ndipo hoja ya nasaba inapopata ushahidi wake ulio wazi kuliko wote, maana mguu ulioiletea Twiga Stars kombe lake la kwanza ulilelewa katika kambi ya Mkwasa, na miaka sita kati ya Daveyton na Njeru haikuwa pengo bali ilikuwa muda wa kukomaa. Mwanahamisi hakuwa na umbo la kutisha mabeki. Alichokuwa nacho ni utulivu wa kuupokea mpira akiwa amebanwa, kuulaza upande ambao beki hakuutarajia, na kupiga kabla mlinda mlango hajajipanga, na sifa hiyo ndiyo ambayo washambuliaji wa baadaye wamekuwa wakipimwa nayo.

Msimu uleule wa 2016/17 ndipo ligi kuu ya wanawake ilipoanza, bingwa wa kwanza akiwa Mlandizi Queens ya Pwani, na baada yake ubingwa ukawa wa kupokezana baina ya JKT Queens na Simba Queens.

Mwaka 2018 ubingwa wa CECAFA ulichezwa Kigali kwa mtindo wa ligi, yaani kila timu ikikutana na kila timu na bingwa akipatikana kwa pointi, na Tanzania, ikiwa sasa chini ya Bakari Shime, ililitetea taji lake kwa kuichapa Ethiopia 4-1 katika mchezo wa mwisho. Mwaka uliofuata mashindano yaliletwa Chamazi, kwenye uwanja wa Azam ulioko pembezoni mwa Dar es Salaam, na matumaini ya kulitwaa kombe mara tatu mfululizo yalizimwa na Kenya kwa mabao mawili ya Jentrix Shikangwa katika fainali.

Linafuata sasa suala la 2021, ambalo limezua mabishano pande mbili. COSAFA ni baraza la soka la nchi za kusini mwa Afrika, na Tanzania si mwanachama wake, bali mwaka huo ilialikwa kushiriki mashindano yake ya wanawake yaliyofanyika katika eneo la Nelson Mandela Bay. Ilifika nusu fainali ikakutana na Zambia, ambayo wiki chache tu kabla ilikuwa imetoka kwenye Olimpiki ya Tokyo, ikatoka nayo sare ya 1-1 na kuitoa kwa mikwaju ya penalti, kisha tarehe 9 Oktoba ikaifunga Malawi 1-0 katika fainali kwa bao la Enekia Kasonga, na kiungo Amina Bilali akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Wapo wanaosema kombe hilo lisihesabiwe sawa na mengine kwa sababu lilichukuliwa na mgeni. Hoja hii ni dhaifu kwa kila upande. Cameroon ilialikwa 2018 ikafika fainali na kufungwa na Afrika Kusini, wala hakuna aliyesema kwamba ushindi wa Afrika Kusini siku hiyo ulikuwa pungufu kwa kuwa mpinzani alikuwa mgeni. Na kama kumfunga mgeni ni ushindi kamili, basi mgeni akishinda naye ameshinda kikamilifu. Zaidi ya hayo, Afrika Kusini ilikuwa imelibeba kombe hilo mara nne mfululizo kuanzia 2017, na iliyoitoa safari hii ni Malawi, kwa hiyo Tanzania ilimfunga yule aliyemvua bingwa taji lake. Kati ya waalikwa wote waliowahi kuingia katika mashindano hayo, Tanzania ndiyo ya kwanza kuondoka na kombe, na heshima hiyo haiwezi kufutwa na mtu yeyote. Kosa la upande wa pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni la wale wanaolichukua kombe hilo kuwa ndio mwanzo wa yote, ilhali timu hiyo ilikwenda ikiwa na mataji mawili ya ukanda nyuma yake.

Turudi kwenye mfululizo wa matukio. Mwaka 2022 timu ya wasichana walio chini ya umri wa miaka 17, Serengeti Girls, nayo ikiwa mikononi mwa Shime, ilishiriki Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare na Canada na kufika robo fainali, ilikotolewa na Colombia. Hiyo ndiyo timu ya kwanza ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, kucheza Kombe la Dunia la soka ya wachezaji kumi na mmoja.

Septemba 2023 likatokea jambo ambalo watu wa Chamazi bado wanalizungumza. Katika kuwania fainali za WAFCON za 2024, Twiga Stars ilifungwa 2-0 ugenini na Côte d'Ivoire, timu yenye nguvu na uzoefu ambayo iliwahi kucheza Kombe la Dunia la 2015, na wengi waliihesabu safari kuwa imekwisha. Siku nne baadaye, kwenye nyasi bandia za uwanja wa Azam, matokeo yaligeuzwa kwa kipimo kilekile, 2-0, hadi jumla ikawa 2-2, na katika mikwaju ya penalti Watanzania wakapiga kwa utulivu kuliko wageni wao. Raundi iliyofuata Togo ilifungwa 3-0 Chamazi, ikarudisha mawili kwake, na bao moja la ziada likatosha kuirudisha Tanzania kwenye fainali baada ya miaka 15, kwa kuwa mashindano hayo yaliyobeba jina la 2024 yalichezwa Morocco Julai 2025. Mwezi mmoja kabla yake, Dar es Salaam ilikuwa imelishuhudia taji la tatu la CECAFA.

Huko Morocco mchezo wa kwanza ulipotea 1-0 kwa Mali. Wa pili ulichezwa Oujda dhidi ya Afrika Kusini, bingwa mtetezi, na katika kipindi cha kwanza nahodha Opa Clement akafunga. Bingwa huyo alilazimika kusubiri hadi dakika ya 70 ndipo aliposawazisha kupitia Bambanani Mbane, na mchezo ukaisha 1-1. Hiyo ilikuwa pointi ya kwanza ya Twiga Stars katika fainali za Afrika, na haikuwa bahati kwamba ilipatikana dhidi ya timu ileile iliyoifunga 2-1 mwaka 2010, kwa maana pengo la bao moja lililoachwa na kina Mwasikili ndilo lililozibwa na kina Opa. Mchezo wa tatu Ghana ilishinda 4-1. Kwa jumla ya fainali zote mbili, Tanzania imecheza michezo sita, imetoka sare mmoja, imepoteza mitano, imefunga mabao matano na kufungwa 14.

Wachezaji wa sasa wametawanyika mbali kuliko waliowatangulia: Aisha Masaka alipitia BK Häcken ya Sweden kabla ya kwenda Brighton ya Uingereza, Clara Luvanga alikwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, na Julietha Singano alikwenda FC Juárez ya Mexico. Wao na wenzao ndio waliobeba jukumu la kuwania fainali za 2026, ambapo Guinea ya Ikweta ilitolewa kwanza, na Oktoba 2025 ikaja zamu ya Ethiopia, iliyotolewa kama ilivyotolewa 2010, na Twiga Stars ikafuzu kwa mara ya tatu.