Valensi Ilijulikana Kabla ya Elektroni

Somo la valensi huanza kwa elektroni za mzingo wa nje wa atomi, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba valensi ni idadi ya elektroni hizo. Historia inakataa. Mwaka 1852 Mwingereza Edward Frankland, akichunguza kampaundi za metali zenye kaboni, aliona kwamba naitrojeni, fosforasi na aseniki huungana kwa kawaida na sehemu tatu au tano za elementi nyingine, si kiasi chochote tu. Alifika hapo kwa mizani na hesabu. Elektroni ilikuja kutambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka 45 baadaye. Valensi, basi, ni tabia ya elementi inayopimwa: huungana na sehemu ngapi za nyingine. Elektroni ni maelezo yake.

Tofauti hiyo ina uzito, na ushahidi ni fosforasi. August Kekulé, aliyeonyesha kwamba kaboni ina valensi 4, alishikilia kwamba kila elementi ina valensi moja isiyobadilika. Fosforasi yenye atomi tano za klorini aliiona kuwa molekuli mbili zilizoshikamana, na alikuwa na hoja ya maana: mvuke wake ukipashwa moto huachana, klorini ikatoka. Lakini mwaka 1876 Thomas Edward Thorpe alieleza gesi ya fosforasi yenye atomi tano za florini, nayo haikuachana hivyo. Valensi 5 ilikuwa ya kweli. Sababu ilianza kueleweka mwaka 1916, Mmarekani G. N. Lewis alipoeleza kwamba atomi huunganishwa na jozi za elektroni. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Ikishirikisha tatu, valensi ni 3, ikishirikisha zote, ni 5. Oksijeni inazo sita, ila valensi yake ni 2, kwa kuwa inahitaji mbili tu zitimie nane.

Mwalimu atauliza, kwa haki, kwa nini anayeanza asipewe tu kanuni ya nane, yaani kwamba atomi huungana ili elektroni zake za nje zitimie nane, ambayo hutoa jibu sahihi mara nyingi. Apewe, bora aambiwe kwamba kanuni hufuata vipimo. Zenoni ina elektroni nane za nje, na kwa kanuni hiyo haikutarajiwa kuungana na chochote. Mwaka 1962, huko Vancouver, Neil Bartlett aliichanganya na gesi ya platinamu na florini, akapata kampaundi.