Mbwa wa Kwanza wa Msasi Mgeni

Huku Babati, na hasa kwetu Maisaka chini ya mlima wa Kwaraa, wako vijana ambao baba zao hawakuwinda kamwe, nao watamani kuwa na mbwa wa kuwindia. Ukiwauliza wataka mbwa wa namna gani, hujibu: mkubwa, mwenye manyoya mengi, wa Kizungu. Mbwa wa kijijini humwita mbwa koko, nao humtupia jiwe. Twaona yafaa kwanza kutazama habari za kale, maana neno hili limekwisha kujaribiwa na wengine kabla yetu, tena kwa hasara kubwa.

Mbwa wa nyumbani si mwenyeji wa asili katika bara letu. Mbwa-mwitu tumwonaye porini si babu yake, bali ni jamaa yake wa mbali tu. Mifupa ya kale ya mbwa wa nyumbani imeonekana Misri, nayo ina miaka zaidi ya 6,000. Katika nchi hiyo, huko Thebes, alikuwako mfalme aitwaye Intef wa Pili, aliyetawala yapata miaka 2,100 kabla ya Kristo. Juu ya jiwe la kaburi lake alichongwa pamoja na mbwa wake, na majina yao yakaandikwa. Ajabu ni kwamba majina yale si ya Kimisri. Wataalamu wadhani kuwa ni ya Kiberberi, lugha ya watu wa magharibi ya Misri, na baadhi yake mwandishi aliona hana budi kuyafasiri papo hapo. Yaelekea, basi, kwamba hata mfalme mwenye mali nyingi, alipotaka mbwa hodari, hakutazama uzuri wa nyumbani kwake, ila alitafuta kwa watu waliozoea kuwinda.

Kutoka Misri hata kusini ya Afrika mbwa alikawia mno. Huko kusini alifika yapata karne ya 6 baada ya Kristo. Ng'ombe na kondoo walikwisha kumtangulia. Kwa nini alichukua miaka elfu nyingi kupita njia ambayo mtu aweza kuitembea kwa miaka michache? Peter Mitchell, mtaalamu wa mambo ya kale wa Oxford, aliandika mwaka 2015 ya kwamba huenda maradhi ndiyo yaliyomzuia njiani: nagana iletwayo na mbung'o, homa ziletwazo na kupe, na mengine kama hayo. Mbwa wengi walioingia katika pori walikufa. Wachache wakasalia, wakazaa, na wana wao wakasogea mbele kidogo, wakafa wengi tena. Mbwa koko alalaye jivuni katika ua wako ni mzao wa hao waliosalia.

Maneno haya si ya kubuni tu, kwa kuwa safari za Wazungu zilituonyesha jambo lile lile. Mwaka 1874 Stanley alipotoka Uingereza kuja kulizunguka Ziwa Victoria, alichukua mbwa watano, na baadhi yao walikuwa wakubwa wa kutisha. Msafara uliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba mwaka ule. Mbwa wote watano walikufa barani. Wala si hao tu: wasafiri wengi na walowezi waliokuja nyuma yake waliwazika mbwa wa thamani katika nchi zenye mbung'o. Mwaka 1894 daktari David Bruce alipelekwa Zululand kuchunguza nagana, akaona katika damu ya wanyama wagonjwa mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, kisha akathibitisha kuwa mbung'o ndiye amchukuaye. Mbwa humo katika hesabu ya wanyama wanaoshikwa na ugonjwa ule. Wazee wetu wa Babati hawakuhitaji kufundishwa hayo, maana waliona wenyewe jinsi pori lenye mbung'o lilivyowafukuza watu na mifugo, hata ikawa lazima kulifyeka.

Sasa tutazame upande wa pili. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyesafiri nchi ya Wazande kati ya miaka ya 1868 na 1871, aliwaona mbwa wa kule: wadogo, manyoya mafupi, masikio wima, mkia umejikunja kama wa nguruwe. Walivikwa njuga za mti shingoni wasipotee katika majani marefu. Msituni Kongo vilevile wawindaji hufunga njuga, kwa sababu mbwa wa jamii ile habweki kama wengine, na pasipo sauti ya njuga mwenye wavu hajui mnyama atokea wapi.

Mbwa hao ndio Wazungu waliowatamani baadaye. Walipelekwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 1895, wakafa kwa maradhi ya huko. Yaani hasara ya Stanley iligeuka ikaenda upande wa pili. Hata mwaka 1937 ndipo walipoonyeshwa London katika maonyesho makubwa ya Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama. Jina lao ni basenji. Msomaji alikwisha kulitambua, maana ni neno lile lile letu, washenzi. Mbwa wa washenzi akauzwa kwa fedha nyingi mjini London, na sisi kwetu twamtupia jiwe!

Tena mwaka 2009 wataalamu waliopima asili ya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia walitoa habari zao. Wale wa Uganda waliwakuta wengi wao ni wa asili ya Afrika hasa, si machotara wa mbwa wa Kizungu waliotupwa, kama wengi walivyodhani.

Basi kijana achague nini? Sisi twasema aanze na mama. Asimtazame mtoto wa mbwa kabla hajamwona mamaye akifanya kazi: kama afuata harufu, kama arudi akiitwa, kama hawagusi kuku na mbuzi wa jirani. Wahenga walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mbwa hujifunza kwa mbwa mwenziwe na kwa bwana wake. Msasi mgeni akishika mbwa mgeni, mwalimu ni nani? Heri apate mbwa mzima aliyekwisha kufundishwa, hata kama ana kovu na sikio limechanika, kisha mtoto wa mbwa afuate nyuma yake.

Walakini kuna neno la sheria. Tangu mwaka 1896, Gavana Wissmann alipotoa amri ya wanyama katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, kuwinda kumetaka cheti. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda kwa mbwa pasipo ruhusa ya maandishi. Tarangire si mbali nasi, na askari wake hawamwulizi kijana kama alikuwa hajui. Kwa hiyo wengi wetu mbwa huyo tutamweka kulinda mbuzi usiku dhidi ya fisi, na kufukuza nyani katika mahindi. Na kwa kazi hizo sifa zitakiwazo ni zile zile.

Tena apigwe sindano ya kichaa cha mbwa akiwa wa miezi mitatu, na irudiwe kwa wakati wake. Mbwa ajuaye kuishi na mbung'o hana kinga ya kichaa, na mtu aliyeumwa, dalili zikishatokea, hafai dawa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia Serengeti, nao wataalamu walisema ulitoka kwa mbwa wa vijiji vya kandokando. Simba wapata 1,000 wakafa, yaani kama mmoja katika kila watatu.